Ringi Iliyoning'inia Langoni

Thongpiny, Juba
10 Februari

Kwa Madam Adau,

Pole sana na upasuaji. Mwanao Makur ametuambia daktari amekukataza kusema mpaka kidonda cha shingo kipone, na mwenyewe uliniambia siku unaniachia ofisi kwamba kuandika kwa simu hukutia kizunguzungu. Basi tutaandikiana kwa karatasi, kama watu wa zamani. Mogga wa basi amekubali kubeba barua zetu maana hupitia Eldoret kila safari. Nilipomuuliza anataka nini, alisema tumwombee barabara ya Nimule. Hilo ni jambo ambalo tayari nalifanya.

Shule inaendelea salama. Tangu Mwalimu Achai aende Bor kujifungua nimeunganisha madarasa yote mawili, nikimaliza siku miguu haina habari na mimi. Nyawech yuko jikoni, Gatkuoth yuko langoni, joto liko kila mahali.

Sasa, Madam, nina la kukuuliza. Kwetu Vihiga hakuna shule isiyo na ringi ya lori ya kugonga badala ya kengele. Hapa ipo, imening'inia langoni, nzuri kabisa, lakini watoto mnawaita kwa makofi. Ijumaa viganja vilikuwa vinaniwaka, nikachukua nondo nikaigonga ringi ili watoke kwa uji. Nilipogeuka hapakuwa na mtoto aliyesimama. Wote walikuwa chini ya madawati, kifudifudi, mikono kichwani, hata kikohozi hakuna. Nilidhani wananitania. Nikawaita kwa majina, hawakutoka, mpaka Gatkuoth akaja akawaambia, "Khalas, gumu," basi, inukeni, ndipo wakaamka na kujipangusa vumbi. Akanigeukia mimi. "De ma kweis, ustaza," akasema, yaani si vizuri, akaichukua nondo akaenda nayo kibandani kwake.

Niliumia sana, Madam. Watoto wa miaka sita na saba! Hofu ya namna hii wameipata wapi? Niambie nifanye nini.

Wako,
Jedidah

*

Eldoret
19 Februari

Mwalimu Jedidah,

Nimepokea. Sauti yangu bado iko likizo. Wadi nzima wananiita Mama Kimya, na wauguzi wananipenda kwa kuwa ni mimi peke yangu nisiyelalamika.

Ringi iache. Tumia makofi, au filimbi iliyo kwenye droo yangu, chini ya Biblia. Nondo ibaki kwa Gatkuoth. Watoto wako sawa.

Nilikulia Kakuma na nikasomeshwa hapa hapa Eldoret, kwa hiyo nawajua walimu wa Kenya. Mkiona chuma kinaning'inia kwenye uwanja wa shule mikono inawawasha. Hiki usikiguse.

Mwambie Nyawech apunguze sukari kwenye uji, iliyobaki ni ya mwezi mzima. Na Achai amejifungua nini? Hakuna anayeniambia kitu, wanadhani asiyesema hasikii.

Nimechoka. Kalamu nayo ni nzito.

Adau

*

Thongpiny, Juba
4 Machi

Kwa Madam Adau,

Achai amepata msichana. Sukari tumepunguza, watoto wameandamana kwa nyuso.

Umeandika kwamba watoto wako sawa. Kwa heshima zote, Madam, hawako sawa, na Nyagoa ndiye ushahidi wangu. Tangu siku ile ya ringi, kifuniko cha sufuria kikianguka jikoni, yeye yuko chini ya dawati, na hatoki tena mpaka shangazi yake aje kumvuta mguu jioni. Hajui hata herufi moja. Mtoto hawezi kujifunza kusoma akiwa chini ya dawati.

Nikueleze tulichofundishwa chuoni, usinicheke. Kuna yule Mrusi aliyekuwa akimpigia mbwa kengele kisha anampa nyama. Akarudia na kurudia, mpaka mbwa akawa anadondokwa na mate akisikia kengele tu, nyama haipo. Mbwa hakufikiri lolote. Vitu viwili vilikuja pamoja mara nyingi, mwili ukaviunganisha. Halafu kuna mtoto mchanga wa Amerika, maskini, waliyemgongea chuma nyuma ya kichwa kila aliposhika panya mweupe. Baada ya muda akawa analia akimwona panya, kisha sungura, kisha hata koti la manyoya. Mwalimu wetu alisema hofu ile haikuwa tabia ya mtoto, ilikuwa somo. Na kilichofundishwa kinaweza kufundishwa upya. Ukileta kile kinachoogopwa pamoja na kitu kitamu, kwanza kwa mbali, kisha karibu kidogo kidogo, hofu huzimika na utamu huchukua nafasi yake.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sawa. Lakini ung'ongo si nyoka, na mtoto anaweza kuonyeshwa hivyo. Nyawech anapika mandazi mazuri kuliko yote ya mtaa huu. Niruhusu nijaribu. Sijaigusa ringi tena, nangoja neno lako.

Jedidah

*

Eldoret
15 Machi

Mwalimu Jedidah,

Nilianza kukujibu kwa kirefu, nikachana. Nikaanza tena, muuguzi akaja na sindano. Wanasema tezi imetoka lakini kuna mabaki wanataka kuyachoma kwa dawa, kwa hiyo nitakaa huku zaidi kuliko nilivyodhani.

Kuna jambo ningekuambia kuhusu ringi ile, ila si la kuandika, litangoja nirudi. Labda halina haja tena. Ni miaka imening'inia pale na haijawahi kulia kwa jambo la kweli. Nimekaa hapa nikitazama watoto wa Eldoret wakitoka shule, kengele inalia nao wanapiga kelele za furaha, nikajiuliza kwa nini wa kwangu wasipate hata hilo. Huenda ni mimi niliyebaki nyuma, dunia imeshasonga.

Nyagoa namjua. Mfundishe kwa upole.

Fanya unavyoona. Mwambie Gatkuoth nimesema akupe nondo.

Adau

*

Thongpiny, Juba
12 Aprili

Kwa Madam Adau,

Imewezekana! Ngoja nikae vizuri nikueleze.

Nilianza na kijiko cha chai. Nikagusa ringi kwa kijiko, mlio mdogo usiomshtua hata kuku, na papo hapo Nyawech akapita na sinia la mandazi ya moto, kila mtoto kipande. Siri iko hapo kwenye papo hapo. Utamu ukichelewa, mtoto hajui amepewa kwa sababu gani. Tukafanya hivyo kila siku mpaka kijiko kikawachosha, nikapanda kwenye mwiko, kisha kipande cha bomba, mwisho nondo yenyewe. Siku ya nondo wengine walianza kuinama. Wakasikia harufu, wakainuka.

Alhamisi nilitaka kupima. Ringi ikalia, mandazi hayakuwepo. Madam, walitoka mbio hadi uani, wakapanga mstari kuelekea langoni, viganja mbele. Pal, yule wa mashavu, ambaye siku zote hutaka kuwa wa kwanza, alikuwa anameza mate kweli kweli. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu nije Juba sikuwa nimecheka hivyo.

Gatkuoth sasa ndiye anayeigonga saa ya chai kwa sababu nimemwomba, lakini hunitazama kana kwamba nimemuuzia mbuzi aliyekufa. Nikimuuliza kuna nini, anasema, "Kalam ta Madam," ni maneno ya Madam, anageuka.

Kwa Nyagoa nimeshindwa. Ringi ikilia wenzake wanatoka, yeye anashuka. Nampelekea andazi huko chini, analiacha hapo linapandwa na siafu. Shangazi yake ananiambia nisimsumbue mtoto. Nimechoka, Madam, nakiri. Lakini sitamwacha.

Upone haraka uje uwaone wakikimbia.

Jedidah

*

Eldoret
2 Mei

Jedidah,

Mogga amepita leo mikono mitupu. Redio ilisema risasi zimelia Thongpiny na kwamba sasa hali ni shwari. Shwari ya redio naijua. Simu yako haipatikani. Makur anasema shule iko salama, nikimwandikia kumuuliza watoto je, ananijibu nipumzike. Nimejua kuna jambo.

Nitakuandikia sasa nilichokichana mwezi wa tatu.

Julai ile ya 2016 vita vilipoingia mjini, watoto wangu walisimama madirishani kutazama. Walidhani ni sherehe. Tulivyotoka salama siku ile ni Mungu peke yake anajua. Baada ya hapo mimi na Gatkuoth tulitafuta ringi ya lori, tukaitundika, tukawafundisha: ringi ikilia, chini, mikono kichwani, kimya, mpaka Gatkuoth mwenyewe aseme muamke. Tulirudia mwanzoni mwa kila muhula. Wakubwa wakawafundisha wadogo. Hata hawa wako tuliwafundisha Januari, wiki mbili kabla hujaja. Ndiyo maana hatukuigonga kwa uji wala kwa kitu kingine. Sauti ile ilikuwa na maana moja tu.

Ulichokiona Ijumaa ile hakikuwa hofu, Jedidah. Ilikuwa shule. Na Nyagoa si mgonjwa. Mwaka juzi risasi za sherehe zilitoboa bati la kwao, na tangu hapo amelishika somo langu kuliko wote.

Kwa nini sikukuambia? Kabla yako nilikuwa na Griffin, kisha Cate, walimu wazuri kutoka Nakuru. Kila mmoja nilimweleza ringi ni ya nini, na kila mmoja alikata tiketi kabla ya mwezi kuisha. Nikawakataza Gatkuoth na Nyawech wasikuambie. Nikasema huyu nimwache afundishe kwanza, apazoee. Kisha ukaniomba ruhusa nami nilikuwa mgonjwa na mchovu, nikatamani uwe umesema kweli.

Niandikie. Hata kama ni mstari mmoja.

Adau

*

Thongpiny, Juba
13 Mei

Madam,

Barua yako nimeisomea uani, nimesimama pale pale walipopanga mstari.

Ilikuwa asubuhi, naandika hesabu ubaoni. Nilisikia milio kwa upande wa uwanja wa ndege, kavu, nikadhani mtu anapasua mbao. Watu wanasema ni walinzi wa wakubwa wawili waliogombana, wengine wanasema ni mishahara. Sijui, na sijali. Gatkuoth akaikimbilia ringi akaigonga kwa nguvu zake zote. Baadaye alilia akaniambia mkono ulikwenda wenyewe, kwamba alikuwa ameshaona kwa macho yake watoto wanavyotoka siku hizi, na bado risasi ziliposikika mkono haukumngoja. Umemfundisha vizuri, Madam.

Nami niliwafundisha vizuri. Walitoka wote ila mmoja. Wanacheka. Wakapanga mstari kuelekea langoni, viganja mbele, na risasi zinapita juu ya mabati. Nilipiga kelele walale, hakuna aliyelala, walikuwa wanangoja sinia. Gatkuoth anapiga kelele, "Num fi wata!" laleni chini, na hata yeye hawakumsikia. Nikalala mimi vumbini kuwaonyesha, wakanicheka. Basi nikakimbia jikoni nikachukua sinia lenye mandazi ya saa nne, nikapita nalo mbele yao nikirudi kinyumenyume kuelekea darasani, na walinifuata, ndiyo, walinifuata mmoja mmoja mpaka ndani. Pal alikuwa wa kwanza kwenye mstari, kwa hiyo alikuwa karibu na lango na mbali nami. Alipigwa risasi ya paja akiwa njiani. Mfupa umevunjika. Daktari anasema ataishi, na kwamba atachechemea.

Nyagoa alikuwa chini ya dawati muda wote. Ni yeye peke yake aliyefanya sawa.

Umenificha. Ningeondoka kama Griffin na Cate? Huenda ningeondoka, lakini ungeniachia niamue mwenyewe. Nilikuuliza, Madam. Barua yangu ya kwanza nilikuuliza wameipata wapi hofu hii, nawe ukanijibu habari za sukari. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, hawakusema kitu juu ya anayeulizwa akanyamaza. Nina hasira na wewe na nina hasira na mimi, na zote mbili zimenichosha hata sijui nianze na ipi.

Watoto wamerudi wiki hii, si wote. Jana Nyawech alikaanga mandazi, akidhani yatawatuliza. Harufu ilipoingia darasani watatu walitapika na wengine wakashuka chini ya madawati wakilia. Hospitalini Pal alipewa andazi na mama wa kitanda cha jirani akalitupa ukutani. Ilinichukua majuma na gunia zima la unga kuwafundisha raha moja. Risasi zimewafundisha kuiogopa asubuhi moja tu.

Mogga ameniwekea kiti safari ijayo.

Jedidah

*

Eldoret
22 Mei

Mwalimu Jedidah,

Sauti imerudi. Nilikaa na simu mkononi nikupigie, mwisho nikachukua kalamu, ndiyo maana unapata karatasi tena.

Nilikuficha kwa sababu nilikuhitaji. Sina maelezo mengine, na uzito wa hilo si wa kuubeba wewe. Pal ni wangu kabla hajawa wako. Mama yake nimemwandikia mwenyewe.

Kama unaenda, nenda, mwanangu. Hakuna atakayekusema vibaya, na akitokea atakutana na mimi. Funguo mwachie Gatkuoth. Dawa zangu zinaisha wiki ya pili ya Juni, nitarudi nifundishe madarasa yote mawili mpaka Achai aje, nimefanya hivyo zamani. Ringi sitaitundua. Itabidi wafundishwe upya kulala, na sijui mtu anaanzaje kuwafundisha watoto jambo hilo mara ya pili.

Mbwa wa Mrusi wako nimemfikiria sana. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anataka nini.

Adau

*

Thongpiny, Juba
5 Juni

Kwa Madam Adau,

Mogga ameondoka Jumatatu na kiti changu kikiwa kitupu. Alipiga honi langoni, akangoja, akapiga tena. Sikuwa nimekataa. Nilikuwa mahali ambapo sikuweza kutoka, na nataka ujue ni wapi.

Asubuhi ile nilishafunga begi. Nikasema niwafundishe mpaka saa nne, kisha niwaage. Nilikuwa nimeshika chaki, naandika tarehe, ndipo nondo ikamponyoka Gatkuoth ikaanguka kwenye saruji. Kabla sijajua nimefanya nini, nilikuwa chini ya meza yangu, kifudifudi, mikono kichwani. Hakuna aliyenifundisha, Madam. Na watoto nao, kila mmoja chini ya dawati lake, kimya, kama siku ile ya kwanza. Hutahitaji kuwafundisha mara ya pili. Naona nikuambie hilo mapema ulale usingizi, kama habari ya namna hiyo inaweza kumlaza mtu.

Gatkuoth alikuja akasema khalas, ni nondo tu. Hakuna aliyeamka, hata mimi.

Nilipofungua macho nilikuta Nyagoa ananitazama kutoka chini ya dawati la mbele, karibu kabisa, nadhani hakuwahi kumwona mwalimu huko kwake. Alikuwa na andazi. Kumbe kila asubuhi huenda jikoni kumwomba Nyawech, shule nzima sasa ni yeye peke yake anayekula mandazi. Akalikata, akanisukumia nusu sakafuni. Nilibana pua. Nililila. Yeye akanitazama nikitafuna mpaka nikameza, kisha akanyoosha kidole kwenye chaki, ilikuwa bado mkononi mwangu.

Nikaandika N pale sakafuni. Nikamwambia, hii ni ya kwako, jina lako linaanzia hapa. Akaifuata kwa kidole, akachukua chaki akaandika yake, imegeuka kama ya kwenye kioo, nikasema ni nzuri. Wa dawati la pili akatambaa kuja kuona. Nilivunja chaki nikawagawia. Honi ya Mogga ilipolia tulikuwa tumefika kwenye jina la tatu, na sikutaka kuwaacha katikati ya neno.

Bado nimekukasirikia. Nitakukasirikia uso kwa uso, siyo kwa barua. Pal anatoka hospitalini wiki ijayo na Gatkuoth anamchongea magongo, anasema lazima ajue kuinama nayo haraka, na nimemwambia amfundishe.

Nyagoa sasa anaandika jina lake lote. Huandika chini ya dawati tu, na tunamfuata huko. Ukija, njoo na chaki. Kwenye saruji zinaisha haraka.

Jedidah